Hawakukufanya Kitu?

Nyumba ndogo ya uani tuliijenga mimi na kaka yangu kwa matumaini ya kupata mpangaji mtulivu, mwalimu mwenzangu pengine, au nesi wa zahanati. Ni vyumba viwili tu na kibaraza kinachotazamana na kibaraza chetu. Waliokuja ni mama na binti yake kutoka Ukraine.

Mimi nafundisha shule ya msingi hapa Tiwi. Tangu mama yangu afariki ninaishi na Baba, ambaye alikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli za Diani mpaka alipostaafu. Huyo binti wa Kiukraine alikuwa rika langu, mwanamke wa miaka arobaini na kitu. Mji wao, mji mdogo wa kaskazini, ulikaliwa na askari wa Urusi vita vilipoanza. Askari walipoondoka, nyumba yao ilikuwa imesimama lakini haina vioo madirishani, na mama yake alikuwa hawezi tena kulala ndani yake. Rafiki aliyesoma naye alikuwa akisimamia hoteli ndogo huko Galu. Akamwambia, njooni mpumzike miezi michache. Miezi michache ikawa mwaka. Kazi yake aliifanya kwa kompyuta, popote penye mtandao, na kodi ya Galu ilipomwelemea akaja kutafuta huku kwetu.

Siku ya kwanza aliniamkia mimi "Shikamoo", kisha akamgeukia Baba akamwambia "Hujambo". Baba aliipokea hujambo ile kwa heshima zake zote. "Sijambo, mwanangu. Karibuni nyumbani." Mamake alikuwa nyuma yake, bibi mfupi mwenye nywele nyeupe zilizokatwa sawasawa masikioni, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili kana kwamba bado yuko safarini. Tangu siku ile sisi tulimwita Bibi, na mtaa mzima ukafuata.

Kabla ya hapo mtaa ulikuwa na jina jingine. Wiki ile ile tulikuwa dukani, mwenye duka akaniuliza, "Wale Warusi wenu wanakula nini?" Bibi alikuwa amesimama kando yangu akichagua vitunguu. Kiswahili hakukijua, lakini neno moja alilisikia. Aliweka vitunguu chini, akajipiga kifua kwa kiganja.

"Ukraina," akasema. Akarudia polepole, kama anayemfundisha mtoto. "U-kra-i-na."

Mwenye duka akacheka, si kwa ubaya. Baba ndiye ambaye hakucheka. "Bwana, mtu amekwambia atokako," akamwambia. "Wewe nikikuita Mganda utaitika?" Basi jina la Warusi likaishia pale.

Asubuhi moja Baba alikuwa akifagia ua, Bibi ameketi kibarazani kwake akimenya viazi. Baba ana tabia moja aliyotoka nayo hotelini: hawezi kumpita Mzungu bila kumjaribu kwa lugha. Alimjaribu kwa Kiingereza, Bibi akatikisa kichwa. Akamjaribu kwa Kiitaliano. Halafu akaegemea ufagio wake na kumwamkia kwa Kijerumani, kile cha zamani cha hotelini, chenye kuinamisha kichwa kidogo.

Bibi aliangusha kiazi.

Kumbe yeye, maisha yake yote ya kazi, alikuwa mwalimu wa Kijerumani wa sekondari. Nilitoka ndani nikamkuta Baba ameketi kwenye ngazi ya kibaraza chao, ufagio uko chini, na wote wawili wanazungumza kwa pamoja.

Tangu siku hiyo hatukuwa na amani ya kimya tena. Kijerumani cha Baba kilikuwa kimejaa supu, visu, taulo, hali ya bahari na namna ya kumtuliza mgeni aliyeungua jua. Cha Bibi kilikuwa cha vitabu, kimenyooka, na hakuweza kuvumilia makosa. Baba akisema sentensi, yeye humkatiza, humrekebisha, kisha humruhusu aendelee. Nilimwuliza Baba kama haimkeri. "Mwanangu," akasema, "mimi miaka yote ile nilisahihishwa na watu waliotaka bia. Huyu ananisahihisha kwa sababu anataka niseme vizuri."

Siku nyingine alimwuliza neno la haki kwa Kijerumani, maana hotelini hakuwahi kulihitaji. Bibi akamtamkia. Baba alijaribu, akakwama katikati, akajaribu tena. "Neno refu hivi," akaniambia kwa Kiswahili, "si ajabu haki huwa haifiki."

Sisi mabinti hatukujua Kijerumani hata kidogo. Binti wa Bibi, aliposoma kwao, alichagua Kiingereza, na hicho ndicho tulichotumia mimi na yeye, tukikichanganya na Kiswahili nilichokuwa nikimfundisha. Kwa hiyo yaliyosemwa kati ya wale wazee wawili yalinifikia kwa kinywa cha Baba, wakati wa chakula. Mwanzoni yalikuwa mambo madogo. Kwao viazi huhifadhiwa chini ya ardhi. Mume wake alipenda kuvua samaki wa mtoni. Halafu jioni moja Baba alimaliza kula, akanawa mikono, akaniambia jambo kubwa zaidi.

Bibi alipokuwa mtoto mdogo, hajaanza shule, kijiji chao kilikuwa chini ya serikali ya Moscow, na kulikuwa na vijana waliojificha msituni wakiipinga. Baba yake aliwapa mkate. Mtu mmoja akamtaja. Akachukuliwa, na hawakumwona tena. Majuma baadaye askari wakarudi alfajiri, wakamwambia mama yake afunge kile awezacho kubeba. Wakatiwa katika behewa la kubebea ng'ombe, yeye, mama yake na mdogo wake wa kiume aliyekuwa bado ananyonya, wakapelekwa nchi ya baridi isiyo na mwisho. Yule mdogo wake hakufika. Waliporuhusiwa kurudi, miaka mingi ikiwa imepita, nyumba yao ilikuwa na watu wengine ndani. Mama yake akamwambia, ukiulizwa shuleni, sema baba alikufa vitani. Naye akasema hivyo shuleni, akasema hivyo chuoni, akasema hivyo kazini.

"Siku zote?" nikamwuliza Baba.

"Siku zote. Mpaka leo asubuhi, anasema."

Sikuelewa uzito wa maneno hayo ya mwisho. Nilidhani ni namna ya kusema tu.

Siku ya Jumapili binti yake alikuja jikoni kwetu nimfundishe samaki wa kupaka. Mimi nakata vitunguu, yeye amekalia mbuzi anakuna nazi, na kwa mgeni alikuwa anaikuna vizuri, bila kufikia kifuu. Nikamwambia, kwa kumpa pole, "Mama yako amepitia mengi. Na yule mdogo wake aliyefia kwenye garimoshi."

Mkono wake ukasimama juu ya nazi.

"Mdogo wake yupi?"

Nikamtazama, nikaona kwamba haniulizi kwa kutosikia. Nilitamani kuyarudisha maneno kinywani, lakini yalikuwa yameshatoka. Akaniuliza ni nani aliyeniambia. Nikasema Baba. Na Baba kaambiwa na nani? Na mama yako. Alinyanyuka, nusu ya nazi bado mkononi, akavuka ua.

Walikaa ndani mchana wote. Nilisikia sauti ya Bibi, ikiendelea na kuendelea, na sauti ya binti mara moja moja. Samaki nilimpaka mwenyewe. Alasiri alirudi, macho yamevimba, akakaa kwenye kigoda kile kile.

"Nimemwuliza kwa nini hakuniambia," akasema. "Amesema, ulipokuwa mdogo ungeropoka shuleni. Ulipokuwa mkubwa nilikuwa nimeshazoea."

Kisha akacheka na kulia kwa pamoja. Historia ya ukoo wake, akasema, imetoka Ukraine ikapitia Kijerumani na Tiwi, ikamfikia yeye juu ya mbuzi ya nazi.

Hazikupita siku nyingi akapigiwa simu kutoka kwao. Wapelelezi wa mauaji yaliyotendeka katika mji wao wakati wa askari walikuwa wakitafuta mashahidi, na jina lake limetajwa na majirani. Ndipo nami niliposikia kilichowatoa. Nyumba ya pili kutoka kwao aliishi mzee aliyefundisha watoto wa mtaa kupiga kinanda cha kodiani. Siku zile za askari yeye ndiye aliyewachotea maji vikongwe wasioweza kutoka. Asubuhi moja alikamatwa langoni kwake, ndoo ziko mkononi. Binti wa Bibi alikuwa nyuma ya uzio na aliona kupitia penye ubao uliovunjika. Alimwona ofisa aliyetoa amri, akasikia askari wakimwita kwa jina. Yule mzee alipatikana askari walipokwisha kuondoka, nyuma ya ghala, mikono imefungwa.

Wapelelezi walitaka ayaseme hayo mbele ya hakimu kwa njia ya video.

Binti alikuwa tayari. Aliyekataa ni Bibi. Alikataa kwa namna ambayo hatukuwahi kumwona nayo, kwa kufunga mlango, kwa kutokula. Akimwona binti yake ameshika simu, humpokonya. Nilimwuliza mwenzangu mama yake anahofia nini, ikiwa wao wako huku, mbali kabisa.

"Anasema baba yake alitajwa na mtu mmoja tu, na ikatosha," akanijibu. "Anasema askari wale wanaweza kurudi. Tuna binamu wangapi kule? Nani atawalinda?"

Hofu ile haikuwa ya kijinga.

Hapa sina budi kusema habari za Baba. Babu yangu alikuwa na shamba ufukweni, hapa hapa Tiwi, minazi na mikorosho na nyumba ya makuti ambamo Baba alizaliwa. Baba akiwa kijana, alikuja mtu na karatasi na polisi, akasema shamba ni lake. Wakahamishiwa huku juu, ng'ambo ya barabara. Miaka mingi baadaye ilikuja tume Kwale kusikiliza dhuluma za zamani, na Baba akaenda. Alivaa kanzu, akasimama ukumbini, akayasema yote kwenye kipaza sauti. Halafu tume ikaondoka. Shamba halikurudi, wala barua haikuja. Tangu hapo mtu akigusia habari ya ardhi, Baba ana jibu moja: "Nilisema, na hakikufanyika kitu." Huyasema haya kwa kufunga mazungumzo, kama mtu anayefunga dirisha mvua inapoingia.

Bibi alikuwa amekwisha kuisikia hadithi hiyo kwa vipande. Kwa hiyo alasiri moja, baada ya kugombana na binti yake, alivuka ua na kuja kibarazani kwetu kutafuta shahidi wake. Binti akamfuata. Mimi nilikuwa nasahihisha madaftari ya wanafunzi. Baba alikuwa akinitafsiria huku anaongea, sentensi yake, kisha ya Bibi, na mimi nikimpa mwenzangu kwa Kiingereza, basi mambo yalikwenda taratibu.

"Mwambie binti yangu," Bibi akamwambia Baba. "Wewe ulisema. Ukapata nini?"

"Sikupata kitu," Baba akasema.

Bibi akamtazama binti yake kama kusema, umesikia? Lakini ualimu ulimponza. Hawezi kuacha jibu fupi lipite bila kulichimba.

"Nani alikuwapo ukumbini?"

"Watu wote. Wazee wetu, vijana, watu wa tume. Mkuu wa wilaya alikuwa mstari wa mbele."

"Na polisi?"

"Polisi walikuwa mlangoni."

"Ukasema nini hasa? Ulisema kwamba mlidhulumiwa, hivyo tu?"

"Nilitaja jina la mtu aliyetudhulumu," Baba akasema. "Nikataja na waliomsaidia. Mmoja wao alikuwa bado ofisini."

"Kwa sauti?"

"Kwenye kipaza sauti."

Bibi aliinama mbele. "Halafu wakakufanya nini?"

Nilimwona Baba anaona haya, kwa maana alidhani anaulizwa tena habari ya kushindwa kwake. "Hawakunifanya kitu," akasema. "Walinipa soda. Nikarudi nyumbani, marehemu mke wangu alikuwa amepika wali na mchicha, nikala, nikalala."

"Ukalala nyumbani kwako?"

"Nikalale wapi tena?"

"Na kesho yake?"

"Kesho yake nilikwenda kazini."

"Hawakukufanya kitu?" Bibi akauliza tena, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Hawakunifanya kitu."

Maneno yalikuwa karibu yale yale aliyoyasema Baba miaka yote kwa uchungu. Lakini Bibi aliyasikia vingine kabisa. Alikaa amemtazama huyu mzee wa Kidigo aliyesimama mbele ya serikali na polisi wake, akataja majina, akanywa soda, akaenda kula wali nyumbani kwake. Alinyoosha mkono akamshika Baba kifundo cha mkono, jambo ambalo Baba hakulizoea, naye akauacha mkono wake pale pale kwa adabu.

"Baba yangu," Bibi akasema, "angependa sana kukaa ukumbini siku ile akusikilize."

Baba akanitafsiria sentensi hiyo, nami nikampa mwenzangu.

Kisha Bibi akamgeukia binti yake akasema maneno mengi kwa lugha yao. Binti akapiga magoti, akaweka kichwa mapajani mwa mama yake. Nikamwuliza Baba Bibi amesema nini.

"Nitajuaje?" akanijibu, akijifuta macho kwa ncha ya kikoi. "Hicho si Kijerumani."

Siku ya ushahidi tulikwenda Galu, kwa sababu kwetu mtandao hukatika na umeme pia. Yule rafiki yao alitupa ofisi yake ndogo iliyo nyuma ya hoteli, karibu na chumba cha kufulia. Tulikodi gari la jirani. Baba alivaa kanzu ya Idi na kofia yake ya kutarizi. Nilimwuliza anavalia nini, maana hakuna atakayemwona. "Mahakama ni mahakama," akasema.

Binti aliingia peke yake, ndivyo sheria ilivyotaka. Sisi watatu tuliketi kwenye benchi nje, katika harufu ya sabuni na mashuka yanayopigwa pasi. Wafanyakazi walipita na kumwamkia Baba, "Shikamoo mzee," na yeye akaitikia bila kuwaangalia, macho yako mlangoni. Bibi alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Katikati ya mambo umeme ulizimika. Mashine za kufua zikanyamaza, feni ikapunguza mwendo, na Bibi akanitazama kwa macho ya mtu aliyekuwa akilitarajia hilo tangu mwanzo. Kabla hajasema neno, jenereta ikanguruma upande wa pili wa ukuta. Kupitia mlangoni tukasikia sauti ya binti yake ikiendelea, haikuwa imesimama hata kidogo.

Alipotoka aliomba maji. Akanywa, akaomba mengine.

"Nimelitaja jina lake lote," akaniambia. "La mzee. Jina lake, la baba yake, la ukoo. Nilitaka liingie lote."

Jina la ofisa nalo alilitaja. Hakimu alimwuliza kama ana hakika na akajibu kwamba anayo. Bibi hakuuliza chochote. Alimpangusa binti yake jasho la shingoni kwa leso yake, kisha akasema ana njaa. Tukala muhogo wa kukaanga kando ya barabara, Baba na kanzu yake, akijihadhari na pilipili.

Baada ya hapo Bibi alikuwa kama mtu aliyepona homa. Alitaka kuona kila kitu. Akamwambia Baba ampeleke kwenye lile shamba la babu. Hapo ndipo nilipogundua kwamba hata mimi, mwanawe, sijawahi kupelekwa. Nilijua liko upande gani tu. Tulikwenda wote wanne asubuhi ya Jumamosi, kwa ufukweni, maji yakiwa yamekupwa. Sasa kuna nyumba nyeupe za wageni na ukuta mfupi wa mawe ya matumbawe. Askari wa lango, kijana wa bara, alitaka kutuzuia, lakini alipomwona Baba akasema, "Mzee, tazameni kutoka hapo tu, hakuna noma." Baba akanionyesha kwa kidole: hapa ndipo palipokuwa mlango, pale jiko, pale kisima, ambacho sasa kimepandwa maua. Kaburi la nyanya yake liko chini ya maegesho ya magari, au karibu na hapo. Alieleza bila kupandisha sauti. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, halafu akamwuliza tena kuhusu jiko, liliangalia wapi, ili alione vizuri.

"Kwa nini hukuwahi kunileta?" nikamwuliza Baba tukirudi.

"Ningekutia uchungu wa nini?" akasema. Hatua chache mbele akaongeza, "Nilikosea. Tutakuja na kaka yako pia."

Kaka yangu alikuja kutoka Mombasa, akaonyeshwa. Yeye ni mtu wa vitendo kuliko mimi. Sasa anakutana na vijana wa jamaa nyingine tatu zilizotolewa ufukweni, na wamepata wakili anayewasikiliza. Sijui kitatoka nini. Baba huenda kwenye mikutano yao na kurudi amechangamka, akilalamika kwamba vijana hawajui kupanga hoja.

Hukumu ya kwao Ukraine ilisomwa baada ya miezi mingi. Binti alikuwa akiifuatilia kwenye kompyuta, na tuliposikia kelele tulitoka nje wote. Yule ofisa ametiwa hatiani. Hakuwepo mahakamani, yuko kwao Urusi, hajakamatwa.

Bibi alikuwa akianika nguo; waliyosemezana binti alinieleza baadaye. "Hajakamatwa," akasema.

"Hajakamatwa, Mama."

"Lakini ana hatia?"

"Ana hatia."

"Nani amesema?"

"Mahakama. Kwa niaba ya nchi yetu."

"Sema tena," Bibi akamwambia. Binti akasema tena, kisha Bibi akataka aambiwe na Baba kwa Kijerumani, na Baba akalitafuta lile neno refu la haki, akalitamka lote bila kukwama. Tulichinja kuku. Nilikuwa nimewazia kwamba hukumu isiyo na mfungwa ingewaacha na njaa ile ile, na labda iliwaacha nayo kidogo. Lakini nilimwona mwenzangu akila mpaka akalamba vidole. Alilala usiku huo mlango wazi, kwa joto tu, si kwa kusikiliza kama kuna mtu anayekuja.

Ni Bibi aliyeniuliza, wiki iliyofuata, kwa kinywa cha Baba, ninafundisha nini darasani. Nikamwambia gredi ya sita tuko kwenye haki za binadamu. Akafikiri, akapanga maneno yake ya Kiswahili moja moja.

"Mimi nakuja?"

Mwalimu mkuu alikubali. Basi Alhamisi asubuhi Bibi alisimama mbele ya darasa langu amevaa shati jeupe lililotariziwa nyuzi nyekundu kifuani, na Baba kando yake na kanzu. Watoto waliimba "Karibu mgeni" kwa sauti moja. Bibi akaniambia, kupitia kwa Baba, kwamba maisha yake yote amesimama mbele ya madarasa, na hakuna hata darasa moja aliloliambia anayotaka kuliambia hili.

Akaanza. Alisema sentensi moja kwa Kijerumani, akanyamaza. Baba akatafsiri.

"Nilikuwa msichana mdogo," akasema Baba.

Darasa likaangua kicheko, mzee mzima na ndevu zake! Baba akacheka, Bibi alipoelezwa akacheka pia, na hapo watoto wakawa upande wao. Walipofika kwenye mkate uliopewa vijana wa msituni kicheko kilikuwa kimekwisha. Walipofika kwenye behewa, hakuna aliyesogeza kiti. Bibi alisema jina la mdogo wake, akalirudia, akawaomba watoto walitamke, wakalitamka. Akasema jina la baba yake, nalo wakalitamka, kwa lafudhi ya Tiwi. Bibi alifumba macho akiwasikiliza.

Baba aliendelea kutafsiri. "Tuliporudi, nyumba yetu ilikuwa na watu wengine ndani. Nilisimama nje. Niliona jiko letu linatoa moshi, na hatukuruhusiwa kuingia." Alisema hayo akiangalia dirishani, upande wa bahari, na akachelewa kidogo kuligeukia darasa.

Msichana mmoja wa mstari wa mbele, mjukuu wa jirani yetu, akanyoosha mkono.

"Babu, hapo ni yeye au ni wewe?"

Baba alimtafsiria Bibi lile swali. Bibi akamtazama msichana kwa jicho la mwalimu aliyefurahi, akavuta kiti kidogo cha mwanafunzi, akaketi, akamwashiria Baba aendelee.

"Ni mimi pia," Baba akasema. Akashika chaki, akachora ubaoni mstari wa ufuko wa Tiwi, na watoto wakaanza kunyanyuka vitini ili waone vizuri.